Picha ya Zamani Inataka Msimulizi

Malalamiko ni yale yale, uyasikie Kimamba, Kilosa mjini au Mikumi: watoto hawataki picha za zamani. Babu amesubiri wiki nzima Jumamosi ifike ili awawekee wajukuu Mother India, na kabla mama wa kwenye picha hajamaliza kuvuna msimu wa kwanza, vijana wameshainamia simu zao. Shangazi anamwekea mpwa wake Charlie Chaplin. Mpwa anauliza mbona haina rangi, na mbona hawaongei. Baada ya robo saa mwenye picha amebaki peke yake mbele ya kioo, na anaumia kwelikweli, maana alichotaka kugawa ni sehemu ya ujana wake.

Nawaandikia watu hao. Wengi wanadhani vijana wa leo wameharibiwa na simu, au kwamba picha zenyewe zimepitwa na wakati. Mimi naona tumesahau jinsi picha hizo zilivyotufikia sisi. Wengi tuliokulia kandokando ya reli ya kati tulizisikia kabla ya kuziona. Tanzania Bara haikuwa na televisheni mpaka mwaka 1994. Majumba ya sinema yalikuwa mijini, na mikebe ya filamu ilisafiri kwa treni kutoka Dar es Salaam kwenda Dodoma, Tabora na kwingineko, ikipita stesheni ya Kimamba ndani ya behewa la mizigo. Aliyekwenda mjini kumtazama mgonjwa au kufuata vipuri alirudi na picha kichwani. Jioni aliketi barazani akaisimulia yote: stelingi alivyoingia, adui alivyokuwa akivuta sigara yake, yule binti alivyolia. Akifika penye utamu anakatisha, anasema amechoka, tuje kesho. Mimi Awara, picha ya Kihindi, niliijua hivyo, kwa kinywa cha mjomba wangu, miaka mingi kabla ya kumwona Raj Kapoor mwenyewe. Nilipomwona, nilikuwa nimeshampenda zamani.

Ushauri wangu wote unatokana na hapo. Ukitaka mtu aipende picha ya zamani, msimulie kwanza. Ukishamsimulia, kaa naye wakati anaitazama, na mwache aseme.

Msimulizi wa sinema ana historia ndefu kwetu, na sehemu ya historia hiyo imeanzia kwenye mkonge, zao lililoijenga Kimamba. Mwaka 1926 Mwingereza mmoja, Leslie Notcutt, alikuwa akisimamia mashamba ya mkonge Afrika Mashariki. Akapata wazo kwamba sinema shambani ingewafanya vibarua waridhike na kutulia kazini. Wazo hilo likakua, na kati ya mwaka 1935 na 1937 yeye na wenzake waliendesha mradi wa filamu za mafunzo wakiwa Vugiri, kwenye milima ya Usambara. Walitengeneza filamu fupi kuhusu kuweka akiba posta, minyoo, utunzaji wa mifugo na mengineyo, sauti yake ikiwa kwenye sahani za santuri, wakazizungusha kwa lori kijiji hadi kijiji. Moja ya chache zilizosalia ilipigwa mwaka 1936 hapa jirani, Kingolwira, nje kidogo ya Morogoro, kuhusu wakulima waliopewa mashamba chini ya usimamizi wa serikali. Inahifadhiwa Uingereza. Baadaye yakaja magari ya sinema ya serikali, na kando ya turubai alisimama mtu na kipaza sauti akieleza kwa lugha ya wenyeji kinachoonekana. Watu walimkumbuka yule mtu kuliko hata picha.

Kisha zikaja kanda za video na vibanda vyake, na msimulizi akarudi kwa nguvu mpya. Nani katika rika letu hamjui Lufufu? Derek Mukandala, aliyejulikana nchi nzima kwa jina hilo, alizichukua picha za Kihindi, za Kichina na za Kimarekani akaziwekea sauti yake: anatafsiri, anaonya, anacheka, anawapa waigizaji majina ya mitaani kwetu. Uganda walikuwa na watu wao wa namna hiyo, na wanao mpaka leo. Japani enzi za filamu bubu walikuwa na wasimulizi waliosimama kando ya kioo, wakawa na majina makubwa kuliko waigizaji. Kwa hiyo usione haya kufungua mdomo wakati picha inaendelea. Anayekuambia filamu ni ya kutazamwa kimya amelelewa kwenye utamaduni mwingine wa sinema, na wetu una heshima yake.

Sasa, uanze na picha ipi? Wapenzi wa sinema hukosea hapa kwa sababu ya mapenzi yenyewe: wanaanza na ile wanayoipenda kuliko zote. Anza na picha yenye kitu ambacho mtazamaji wako anakijua kwa mikono yake. Kimamba ni mji wa reli na mashamba. Treni zinapita hapa tangu enzi za Wajerumani, na tangu mwaka 2024 hata treni ya umeme imekuwa ikikata mbuga za wilaya hii kwenda Dodoma. Mtoto wa hapa anajua treni inavyonguruma kabla haijaonekana. Basi mpe treni.

Mpe The General, ya Buster Keaton, ya mwaka 1926. Keaton ni dereva wa treni ambaye injini yake imeibwa na wanajeshi wa upande wa pili, naye anaifukuzia kwa injini nyingine. Kuna mahali pamoja ambapo huwa nawaomba watu watulie. Wezi wameangusha mataruma juu ya reli ili injini ya Keaton ipinduke. Yeye ameshuka mbele, amekaa juu ya ngao ya injini inayokwenda, amekumbatia taruma moja zito ambalo ameliokota njiani na hawezi kulitupa. Mbele yake, katikati ya njia, kuna jingine limelala, ncha moja ikiwa juu ya reli. Injini inakaribia. Hana mkono ulio huru. Analiinua lile la mkononi, analirusha juu ya ncha ya lile lililolala, na yote mawili yanaruka kando. Tukio zima linapita haraka sana, na uso wake haubadiliki hata kidogo. Mara moja nilikaa karibu na mzee aliyefanya kazi ya kutengeneza njia ya reli ujana wake wote. Alidai turudishe nyuma. Akatueleza uzito wa taruma, linabebwa na watu wangapi, na mtu akikosea hapo anapoteza mguu. Vijana waliokuwa wakichezea simu wakageuka kumsikiliza yeye, kisha wakageukia picha. Jioni ile msimulizi alikuwa yule mzee, na mimi sikuhitajika tena.

Waambie pia kwamba ile injini inayoanguka mtoni pamoja na daraja linaloungua ilikuwa injini ya kweli, ikaangushwa mara moja tu, huko Oregon, Marekani, na chuma chake kikakaa mtoni miaka mingi. Vijana waliozoea picha zinazochorwa na kompyuta hunyanyua macho wakisikia hivyo.

Kama wasikilizaji wako ni wadogo zaidi, au hawana subira ya zaidi ya saa nzima, anza na fupi ya Keaton iitwayo One Week, ya mwaka 1920. Ina urefu wa dakika ishirini na kitu. Maharusi wamepewa nyumba iliyo ndani ya maboksi, waijenge wenyewe kwa kufuata namba. Mtu mwenye wivu akabadilisha namba, na nyumba ikatoka imepinda, mlango uko ghorofani. Mwishoni nayo inafika relini, na zaidi ya hapo sisemi. Hakuna maneno ila vibao vichache vya Kiingereza ambavyo wewe utavisoma kwa Kiswahili. Hiyo ni nafasi nzuri ya kujizoeza usimulizi.

Kwa watu wazima wa Kimamba hakuna picha ya zamani inayoingia moyoni upesi kama Mother India ya Mehboob Khan, ya mwaka 1957. Naisema kwa uhakika. Fikiria kisa chake. Mama mkwe amekopa rupia 500 kwa Sukhilala, mkopeshaji wa kijiji, ili kumwoza mwanawe. Hajui kusoma, mkataba umeandikwa anavyotaka mwenye fedha. Wazee wa kijiji wanakaa baraza na kuamua kwamba robo tatu ya mavuno ya kila mwaka yaende kwa Sukhilala kama riba, na deni lenyewe libaki pale pale. Nionyeshe mkulima wa mahindi au mpunga katika bonde hili ambaye hajamwona jirani yake akiuza mazao yakiwa bado shambani, kwa bei ya kutupa, kwa sababu ya shida ya ada au ugonjwa. Kisha mvua inakuja, mto unafurika, mazao yanakwenda na mtoto mchanga anafariki. Watu wa Kilosa waliofurushwa na maji ya mto Mkondoa mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010, wakalala kwenye mahema, hawahitaji kuelezwa tope lile. Nargis, akiwa Radha, anafunga kamba ya plau mabegani na kuivuta mwenyewe, watoto wakimsaidia. Hapo usiseme neno. Msimulizi mzuri anajua pa kunyamaza, na uso wa Nargis katika tope ni mojawapo ya sehemu hizo.

Lakini ina urefu wa karibu saa tatu, na humo ndimo wengi hupoteza watazamaji. Igawe. Picha za Kihindi zilitengenezwa na mapumziko katikati, kwa hiyo hakuna heshima unayovunja ukiikata usiku wa kwanza na kuimalizia wa pili. Kati ya usiku wa kwanza na wa pili ndipo kazi yako ya msimulizi inapozaa matunda. Wale waliokuwepo watawasimulia ambao hawakuwepo, kisimani, shuleni, kijiweni kwa bodaboda, na usiku wa pili utaona nyuso mpya.

Kuhusu namna ya kusimulia, nina mambo machache ninayoyashikilia.

Simulia siku moja kabla, wakati wa chakula au mnapopukuchua mahindi, na usifike mwisho. Ukiwaambia kwamba yule mama ana wana wawili, mmoja mpole na mwingine mwenye hasira, na kwamba yule mwenye hasira ndiye anayemwota Sukhilala kila usiku, inatosha. Acha fundo. Mtoto atakuuliza, "Babu, sasa yule mwenye hasira alifanyaje?" Mjibu kwamba kesho mtaona wote.

Picha inapoanza, kazi yako ni kumtambulisha mtu na undugu wake: huyu ni mkwe, yule ni mwenye deni, hawa wawili ndio wale watoto wamekua. Sinema za zamani hurukia miaka kumi bila kuaga, na mtazamaji mgeni hupotea hapo zaidi ya mahali pengine popote. Tafsiri kauli zinazobeba kisa na uache nyingine zipite, kwa sababu ukitafsiri kila sentensi utawaziba masikio. Wimbo usiufunike kwa maneno yako. Hata asiyejua Kihindi anaufuata wimbo kwa macho ya anayeimba, na kizazi cha kwanza cha wapenzi wa picha hizi katika pwani yetu kiliimba nyimbo nzima bila kujua maana ya neno moja.

Waache wazungumze. Katika majumba ya sinema ya zamani watu walimpigia kelele stelingi amgeukie adui aliye nyuma yake, wanawake walilia kwa sauti, vijana walirudi mara tatu nne mpaka wakawa wanatangulia kusema maneno kabla ya mwigizaji. Ukiwanyamazisha wajukuu umewatoa kwenye sinema na kuwaingiza darasani. Na wakimaliza usiwape mtihani wa kueleza walichojifunza. Swali moja linatosha, lenye pande mbili, kama vile: wazee wa baraza walikosea wapi? Kisha ukae kimya uwasikilize wakibishana.

Tuje kwa nyota. Kijana hapendi picha kwa sababu ya mwaka wake wala tuzo zake, anampenda mtu. Kazi yako ni kumfanya yule mtu wa kwenye kioo awe mtu kamili, na kwa hilo kisa kimoja kilichochaguliwa vizuri kinashinda wasifu mrefu. Kwa Nargis, waambie kisa cha moto. Wakati wa kupiga Mother India kulikuwa na tukio la majani makavu yanayowaka. Moto ukakua ukamzingira. Sunil Dutt, ambaye ndani ya picha ni mwanawe, aliingia motoni akamtoa, wote wawili wakaungua. Mwaka 1958 wakaoana. Ukishawaeleza hivyo, vijana watakuomba urudishe tena lile tukio, watafute moto.

Kwa Raj Kapoor, wape Awara ya mwaka 1951, na uwaambie waangalie sura. Jaji ambaye ni baba wa stelingi anaigizwa na Prithviraj Kapoor, baba mzazi wa Raj. Stelingi akiwa mtoto ni Shashi, mdogo wake wa tumbo moja. Na mzee anayekaa kwenye kiti cha jaji mahakamani ni babu yao. Picha nzima inahoji kama mwana wa mwizi lazima awe mwizi na mwana wa jaji awe jaji, na anayeuliza ni kijana ambaye hajafika miaka thelathini, mwelekezi na mwigizaji kwa pamoja, mbele ya baba na babu yake. Katika jamii yetu, ambamo mtu bado anaulizwa ni mtoto wa nani kabla hajaulizwa jina lake, swali hilo halijazeeka.

Na usisahau nyota wetu. Mwulize kijana yeyote kama anajua kwamba Tanzania imewahi kuwa na waziri mkuu aliyekuwa mwigizaji wa sinema. Rashidi Mfaume Kawawa, kabla ya kuwa Waziri Mkuu mwaka 1962, aliigiza katika filamu za Kiswahili zilizotengenezwa Tanganyika miaka ya mwanzo ya 1950, na maarufu kati yake ni Muhogo Mchungu. Wazee waliomjua kama Simba wa Vita walikuwa wamemwona kwanza kwenye turubai. Kisa hiki peke yake kimewahi kuwafungua macho wanafunzi ambao walikuwa hawataki kusikia habari ya filamu isiyo na rangi. Kuna pia filamu za Kampuni ya Filamu Tanzania, iliyoundwa mwaka 1968, kama Fimbo ya Mnyonge na Yomba Yomba. Na kuna Maangamizi, ya Martin Mhando na Ron Mulvihill, ambamo Amandina Lihamba anaigiza kwa namna ambayo sijaona mwigizaji wetu mwingine akiifikia. Ndiyo filamu ya kwanza ambayo Tanzania iliipeleka kugombea tuzo ya Oscar. Ukipata nakala halali ya mojawapo, itunze.

Hapa nina neno kwa wazee wenzangu. Kwa kijana wa leo, picha ya zamani ni ya mwigizaji wetu Steven Kanumba. Kanumba alifariki Aprili 2012. Mtoto anayemaliza darasa la saba sasa hakuwa amezaliwa au alikuwa mchanga. Mchekeshaji Mzee Majuto alituacha Agosti 2018. Dada anayekaa na wadogo zake akawaonyesha Majuto na kuwaeleza jinsi mtaa mzima ulivyokuwa ukikusanyika kwenye banda kumcheka, anafanya kazi ile ile aliyofanya mjomba wangu. Mheshimu. Keti utazame Kanumba pamoja naye, umwulize maswali kama mgeni, na yeye atakuwa tayari kuketi na Raj Kapoor wako.

Vifaa visikutishe. Projekta ndogo, shuka jeupe lililonyooshwa vizuri ukutani, sabufa ya mtaani, na waya wa kutosha. Usianze kabla giza halijashika, maana projekta za bei nafuu hazishindani na mwanga wa jioni. Pakua filamu mapema wakati bando ni rahisi, uiweke kwenye flashi, uijaribu mchana mpaka mwisho, kwa sababu faili nyingi za mtandaoni hukatika katikati. Filamu bubu za Keaton na Chaplin za miaka ya 1920 na kabla yake zinapatikana bure na kihalali kwenye mtandao. Umeme ukikatika, usiwaruhusu watu waondoke. Hapo ndipo unapomalizia kwa mdomo, na nimeona watu wakikataa picha irudi kabla msimulizi hajamaliza. Usipange siku ya Simba na Yanga. Miezi ya baada ya mavuno ndiyo mizuri, watu wana nafasi na usiku ni mkavu. Ukiona umati unakua na unafikiria kutoza kiingilio, basi hilo si jambo la nyumbani tena: nenda kwa afisa utamaduni wa wilaya, Kilosa, uulize habari ya vibali. Sheria ya filamu na michezo ya kuigiza ipo tangu mwaka 1976, na wenye haki za filamu nao wana haki zao.

Kuna jambo zito ambalo wapenzi wengi wa sinema ya zamani hulikwepa. Picha hizi zina ubaya ndani yake. Yule dereva jasiri wa The General yuko upande wa majimbo ya Kusini mwa Marekani, yaliyopigana ili utumwa uendelee. Bonde la Mkondoa tunamoishi lilikuwa njia ya misafara iliyopitisha pembe na watu waliofungwa minyororo kwenda Bagamoyo. Hatuwezi kuitazama picha hiyo kana kwamba haituhusu. Hatari!, ya John Wayne, ilipigwa kaskazini mwa nchi yetu mwaka 1960 na 1961, wakati Tanganyika ikijiandaa kwa uhuru. Kukimbizana na wanyama kwenye picha ile ni kwa kweli, na watoto wa Mikumi wanaoishi na tembo mlangoni watashangilia. Lakini angalia Waafrika waliomo: wanabeba, wanatabasamu, wananyamaza. Na ile filamu ya Kingolwira inamzungumzia mkulima wa Uluguru kama mtoto wa kufundishwa.

Usifiche haya na usifute picha kwa sababu yake. Furahini kwanza, taa ikiwaka uliza: ni nani hakusema kitu katika picha hii? Vijana wana macho makali kuliko tunavyowadhania, na kijana aliyegundua mwenyewe dosari ya picha hushikamana nayo zaidi, kwa sababu sasa ana hoja yake ndani yake. Baada ya Hatari! mimi hupenda kuweka Lilies of the Field ya mwaka 1963, ambamo Sidney Poitier ni fundi msafiri anayewajengea masista kanisa kwa matofali ya udongo. Ndiyo iliyompa Oscar ya mwigizaji bora wa kiume, wa kwanza kwa mtu mweusi. Kila anayejua kufyatua tofali hapa Kimamba atakuwa na la kusema kuhusu ufundi wake, na mtu mweusi katika kioo safari hii ndiye anayeongoza ujenzi.

Neno kwa wenye kanda. Katika masanduku ya nyumba za mji huu bado mna kanda za video: picha za Kihindi, za kutafsiriwa, pamoja na harusi na maulidi. Joto na unyevu wa bonde letu vinazimaliza. Zisimamishe wima mahali pakavu, mbali na sakafu. Ukiona unga mweupe kwenye utepe, hiyo ni kuvu; usiiingize kwenye deki, itachafua kichwa cha deki na kuambukiza nyingine zote. Tafuta studio ya picha mjini Morogoro au Dar es Salaam yenye deki nzima inayoweza kuhamishia kanda kwenye kompyuta, uanze na zile za kutafsiriwa na za familia, maana picha maarufu ya Kihindi kama Sholay utaipata kokote lakini sauti ya msimulizi wa mtaani huenda iko kwenye kanda yako peke yake. Weka nakala mbili sehemu mbili tofauti. Na wakati uko kwenye kazi hiyo, chukua simu umrekodi bibi au babu akisimulia picha anayoikumbuka. Mwulize aliiona wapi, alikwenda na nani, alivaa nini, alirudi kwa usafiri gani. Usimsahihishe akichanganya kisa cha picha mbili. Hivyo ndivyo picha zilivyoishi kwake.

Mwisho, jitayarishe kuondoka kwenye kiti cha msimulizi. Ukishasimulia picha kadhaa, mpe kijana mmoja zamu. Mpe One Week kwanza, kwa sababu ni fupi na hakuna anayeongea humo, aweke maneno yake mwenyewe kwenye vinywa vya maharusi wale. Ataweka maneno ya mitaani ambayo hutayaelewa, atamwita yule mwenye wivu kwa jina la mtu mnayemfahamu, na wenzake watacheka mahali ambapo wewe hukuwahi kucheka. Mwache. Akikuuliza kama alipatia, mwambie ulipopapenda, kisha mkabidhi Awara na wiki nzima ya kuitazama peke yake kabla hajawasimulia wengine.